Maoni ya Wazazi wa Basotu na Uvivu wa Wanaoyakusanya



Nilipoombwa mada ya mhadhara huu wa uzinduzi nilikuwa nimezungukwa na taarifa za elimu kutoka wilaya za wafugaji. Karibu kila moja ilikuwa na sentensi ile ile: mahudhurio ni hafifu kwa sababu wazazi wana mwamko mdogo wa elimu. Sentensi hiyo haina tanbihi wala haidaiwi ushahidi. Waandishi huazimana sentensi hii kama chumvi, na kwa kuwa kila mtu ameionja, hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Leo naiuliza, na nitaiulizia Basotu, kata ya wilaya ya Hanang yenye ziwa, mahindi na ng'ombe, ambako Wabarbaig na Wairaqw wanapeleka watoto katika shule zile zile za msingi za serikali. Historia ya jumla mnaijua: Azimio la Musoma la 1974 na elimu ya msingi kwa wote (UPE) iliyofuata, ada zilizorudi miaka ya 1980, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002, Waraka Namba 5 wa 2015 uliofuta ada na michango. Naipita.

Nisichoweza kukipita ni ngano. Kwa msaada wa Kanada, NAFCO, shirika la serikali la kilimo, ilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang, yakafikia kiasi cha ekari 100,000, na nyingi kati ya hizo zilikuwa malisho bora kabisa ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw kilishitaki. Mahakama Kuu ikakipa ushindi mwaka 1984. Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Sasa niambieni: watu waliofuata haki yao hadi Mahakama ya Rufani, mahali ambapo wakati ule neno la mzee halikuwa na uzito mpaka liwe karatasi, na karatasi yenyewe iwe ya Kiingereza, walihitaji semina ya kuamshwa kuhusu faida ya kusoma? Hao walijua bei ya kutosoma kuliko afisa yeyote aliyewaandikia taarifa. Walijua pia kwamba serikali iliyowaletea shule ndiyo iliyowaletea trekta.

Watetezi wa sentensi ile hunijibu kwa kuwanyooshea kidole Wairaqw. Hao, wanasema, wanaishi kata hiyo hiyo na watoto wao wanasoma. Hoja hii inavutia kwa sababu ni nyepesi. Wairaqw wengi ni wakulima waliotulia mahali pamoja, na misheni ziliwafikia mapema. Tena tazameni kalenda. Likizo ya Juni inamkuta mkulima anavuna, hivyo mtoto anapatikana shambani bila kuvunja sheria. Kiangazi kinapokaza baadaye na mifugo ikahitaji kusogezwa mbali kutafuta maji na nyasi, muhula uko katikati. Shule ileile inamsubiri mtoto wa mkulima na kumwita mtoto wa mfugaji mtoro. Halafu tunashangaa kwamba rejista ya mahudhurio ina kabila!

Kundi la pili la wapinzani wangu ni la kisasa zaidi. Wao hawamtukani mzazi, wanampelekea dodoso: unaridhika na shule kwa kiwango gani, kuanzia moja hadi tano? Nami nimelibeba dodoso la namna hiyo. Katika kijiji kimoja cha kata hiyo mama mmoja alinijibu kila swali kwa neno moja. Walimu? Wazuri. Madarasa? Mazuri. Maendeleo ya mtoto? Mazuri. Nilipofunga karatasi zangu akauliza yeye: "Na wako, mwalimu, wanasoma wapi?" Nikamtajia. Ni shule ya binafsi, ya Kiingereza, na ada yake ya muhula ingenunua ng'ombe. Akacheka, akaendelea kupukuchua mahindi. Kwenye kompyuta yupo mpaka leo kama mzazi aliyeridhika sana.

Majibu yale yalikuwa adabu kwa mgeni mwenye kalamu, ambaye huenda kesho akamfikia mwalimu mkuu. Mzazi anayetaka kusema kweli anatafuta mahali ambapo neno lake lina nguvu. Hapo ndipo ninapomleta George Klima.

Klima, Mmarekani, alifanya utafiti miongoni mwa Wabarbaig miaka ya 1950, na mwaka 1964 akachapisha makala kuhusu haki baina ya wanawake na wanaume wao. Nakala yangu imeachia gundi kwa kusomwa. Anaeleza baraza la wanawake, girgwageda gademga. Mwanamume akivuka mpaka wa haki za mwanamke, wanawake wa ujirani huitana, hukaa peke yao, hupima shauri na kutoa hukumu. Hukumu hiyo si malalamiko: ni faini ya ng'ombe, na wanaume hulipa. Someni tena hapo, kwa sababu wasomaji wengi huikimbilia faini na kuacha utaratibu. Hakuna mama anayesimama peke yake kumshitaki mtu. Shauri likishakamatwa na baraza ni la wote, na hakuna wa kulipiziwa kisasi.

Linganisheni na mkutano mkuu wa wazazi wa shule tuliouzoea. Meza iko mbele, wageni rasmi wamekalia viti, akina baba wako safu za kwanza, akina mama nyuma na watoto mgongoni. Ajenda ni choo, dawati, chakula cha mchana. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haitoshi, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Hivyo mahindi na maharage ya uji na makande yatatoka kwa wazazi, "kwa hiari". Mwishoni huulizwa kama kuna maswali, na muhtasari huandika kwamba wazazi waliridhia.

Sikatai kwamba wapo baba wanaomwozesha binti kabla hajamaliza darasa la saba, na kwamba sheria ina kazi ya kufanya hapo. Nakubali pia kwamba baraza la Klima ni la miongo mingi iliyopita, na kwamba Mwiraqw hana sababu ya kulikumbatia la Mbarbaig. Nimeyapima hayo yote, na bado nasimama hapa: akina mama wa Basotu wapewe kikao chao cha shule, bila meza ya mbele, kila mmoja kwa lugha anayoiweza, na watakachoamua kiingie katika muhtasari wa kamati ya shule kama uamuzi, ambao mwalimu mkuu na ofisi ya wilaya wanalazimika kuujibu kwa maandishi kabla muhula haujaisha.

Mwenzangu mmoja, aliposoma rasimu ya mhadhara huu, aliniuliza kama nataka walimu wakuu waanze kutozwa ng'ombe. Sitaki. Mwalimu wa Basotu mwenye darasa lililofurika hana ng'ombe wa kutoa. Ningependa baraza lianze na wale wanaompelekea ruzuku nusu.