Chaza Hachagui Maji

Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi, Vigwaza



Vigwaza haina ufuko wa bahari. Ipo kandokando ya barabara kuu ya Morogoro, na wakazi wake wengi ni wakulima na wafugaji. Kwa hiyo mwanachama ana haki ya kuuliza: habari za chaza na kombe zinamhusu nini mfuga kuku wa Vigwaza?

Jibu limo katika mto Ruvu. Maji ya mvua yapitayo mazizini na mashambani huteremkia mtoni, na mto huo huingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, penye mikoko. Bahari inapokupwa, kina mama wa pwani hubandua chaza kwenye mizizi ya mikoko na kufukua kombe matopeni. Kwao hicho ni kitoweo, tena ni fedha ya daftari na sare za watoto.

Chaza hawindi. Hukaa mahali pamoja, akavuta maji, akachuja vilivyomo, akayatoa. Chaza mmoja mkubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani huweza kuchuja karibu lita 190 kwa siku wakati wa joto. Hachagui maji. Bakteria waliotawanyika majini hukusanyika kwa wingi mwilini mwake. Baadhi, kama jamii ya vibrio, ni wenyeji wa maji ya chumvi yenye joto. Wengine hutoka matumboni mwa watu na mifugo, wakaletwa na maji machafu.

Hatari huzidi pale bakteria hao wanapokuwa sugu. Dawa inapotumiwa, bakteria dhaifu hufa. Wachache wanaoistahimili hubaki na kuzaana. Tena huweza kupeana uwezo huo, hata wakiwa wa jamii mbalimbali. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba dozi pungufu huwafundisha vijidudu kuishinda dawa.

Tanzania ililiona jambo hilo mapema. Mlipuko wa nne wa kipindupindu ulipoanza mwaka 1977, vimelea vyote vilivyopimwa vilikufa kwa tetrasaiklini. Dawa hiyo ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa watu wazima wa afya kama kinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Fred Mhalu na wenzake walitangaza matokeo hayo mwaka 1979. Kimelea cha kipindupindu nacho ni cha jamii ya vibrio.

Mfugaji na alizingatie hilo kwa makini, maana oksitetrasaiklini inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo ni ya ukoo huohuo. Sehemu kubwa ya dawa anayopewa mnyama hutoka pamoja na kinyesi ikiwa bado ina nguvu. Atiaye dawa katika maji ya kuku wasiougua, kwa kutumaini kwamba watanenepa, huwalea bakteria sugu bandani mwake, na mvua huwachukua.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Mfugaji amwite mtaalamu wa mifugo kabla ya kununua dawa, amalize dozi aliyoelekezwa, na asiuze maziwa wala mayai kabla ya muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa kwisha. Samadi irundikwe na kufunikwa mbali na mifereji ya maji. Chanjo na usafi wa banda hupunguza haja ya dawa.

Mchumaji wa chaza aepuke mahali panapomwagika maji ya vyoo, na mwenye kidonda mkononi asishike chaza wabichi bila kinga. Mpishi asitegemee ndimu, kwani haiui bakteria wote. Chaza na kombe wenye magamba wachemshwe mpaka wafunguke, kisha waendelee kuchemka dakika 3 hadi 5, wasiofunguka watupwe. Kisu na bakuli la chaza wabichi visiguse kachumbari. Usugu wa dawa si usugu wa moto: bakteria sugu naye hufa chunguni.

Hata hivyo, moto wa mpishi hauwezi kuusafisha mto. Mpango wa pili wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, wa mwaka 2023 hadi 2028, unatazama afya ya watu, mifugo na mazingira kwa pamoja, na vyama vya msingi vina nafasi humo. Chama kinachonunua pembejeo kwa pamoja kinaweza pia kununua chanjo kwa pamoja na kumwalika mtaalamu azungumze na wanachama. Shilingi iliyotolewa Vigwaza kwa chanjo humlinda kuku wa mwanachama, na humlinda pia mtoto wa pwani, ambaye siku akiugua atahitaji dawa inayofanya kazi.