Uyoga wa Lingzhi Kwenye Kaunta Yetu: Faida Zinazotajwa na Hatari Zisizotajwa

Mada kwa watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii



Nitabaki kwenye bidhaa moja tu, kwa sababu imo mikobani mwa wateja wetu wengi kuliko tunavyodhani. Wachina huiita lingzhi, Wajapani reishi, na wataalamu wa kuvu Ganoderma. Kwetu inaingia ikiwa kapsuli, unga, dawa ya meno, sabuni, na zaidi ya yote kahawa ya pakiti. Haitegemei rafu za maduka. Inauzwa kwenye vikoba, ofisini saa ya chai, nje ya kanisa baada ya ibada, na muuzaji mara nyingi ni shangazi au jirani aliyejiunga na mtandao wa biashara. Ndiyo maana mgonjwa haitaji anapokuja kwetu. Kwake hiyo si dawa, ni kitu alicholetewa na mtu wake.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Uyoga huu si sumu, wala si uongo mtupu. Ila madhara yake makubwa hutegemea mambo mawili: dawa ambazo mgonjwa anameza pamoja nao, na dawa alizoacha kumeza kwa sababu yake. Yote mawili tunaweza kuyagundua kaunta kabla hayajafika wodini, mradi tuulize.

Uyoga wenyewe

Huu si uyoga wa kukaangia vitunguu. Ni mgumu, mchungu, na uso wake unang'aa kana kwamba umepakwa vanishi. Huota kwenye visiki na mashina ya miti. Jamaa yake mmoja, Ganoderma boninense, huozesha mashina ya michikichi huko Malaysia na kuwatia hasara wenye mashamba. Nchi hiyohiyo husafirisha kahawa za uyoga duniani kote. Biashara haina kinyongo.

Vitabu vya dawa vya Wachina vimeutaja kwa takribani miaka 2,000. Zamani ulikuwa adimu, ukisakwa porini. Kilimo chake cha uhakika kilishika kasi Japani katika miaka ya 1970, na hapo ndipo ulipoanza kuwafikia watu wa kawaida. Farmakopea ya China ya leo inaelekeza gramu 6 hadi 12 za uyoga mkavu kwa siku, ukiwa umechemshwa. Naomba mkumbuke kwamba unachemshwa, maana nitalirudia mbele.

Ndani yake mna makundi mawili ya kemikali yanayozungumzwa sana. La kwanza ni polisakaridi, hasa beta-glukani, ambazo huamsha baadhi ya seli za kinga. La pili ni triterpeni, ambazo ndizo zenye uchungu. Katika maabara, vyote viwili vimefanya mambo ya kuvutia, ikiwemo kuua seli za saratani kwenye sahani. Muuzaji akikuonyesha karatasi hiyo, usimbishie. Mwambie tu kwamba kwenye sahani ya maabara hata siki huua seli za saratani.

Kwa binadamu imeonekana nini

Watafiti wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio ya uyoga huu kwa wagonjwa wa saratani, na katika mapitio yao ya mwaka 2016 walipata matano tu yaliyofaa, yenye washiriki 373. Waliopewa uyoga pamoja na matibabu ya kawaida ya saratani walionekana kuitikia tiba vizuri zaidi kidogo, na baadhi ya vipimo vya kinga vilipanda. Ulipotumika peke yake, uvimbe haukupungua. Majaribio yenyewe hayakuwa na ubora wa kutosha, na hakuna lililoonyesha kwamba watu waliishi muda mrefu zaidi. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kuutumia kama tiba ya kwanza ya saratani. Unaweza kuwa msaidizi wa tiba ya hospitali, basi.

Kwa kisukari na presha habari ni fupi zaidi. Huko Australia, mwaka 2016, yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 84 wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na dalili nyingine za hatari kwa moyo. Walitumia gramu 3 kwa siku kwa wiki 16, wengine wakipewa vidonge bandia, na mgonjwa hakujua amepewa kipi. Sukari haikushuka kuliko kwa wale wa vidonge bandia. Presha pia, hakuna tofauti. Ninalitaja kwa sababu kisukari na presha ndiyo magonjwa ambayo bidhaa hizi huuziwa zaidi huku kwetu.

Kuna watumiaji wanaosema wanalala vizuri na hawachoki upesi. Siwabishii. Lakini mtu anayeanza kirutubisho cha bei ghali mara nyingi huanza pia kunywa maji zaidi, kupunguza soda na kulala mapema, kwa sababu muuzaji kamwambia hivyo. Muuzaji hapo kafanya kazi nzuri ya elimu ya afya, na sifa akaupa uyoga.

Soma pakiti

Chukueni pakiti ya kahawa ya uyoga iliyochanganywa tayari na sukari na krimu, muigeuze upande wa nyuma. Viambato kwa kawaida huandikwa kwa kufuata wingi. Katika nyingi mtaanza kusoma krimu isiyo ya maziwa, kisha sukari, kisha kahawa, na dondoo ya uyoga ikiwa karibu na mwisho. Mgonjwa wa kisukari anakunywa vikombe vitatu kwa siku akiamini anajitibu. Hapo hata hatujafika kwenye uyoga.

Kuhusu kapsuli, watafiti walinunua Marekani virutubisho 19 vilivyoandikwa kuwa ni Ganoderma lucidum na kuvipima. Matokeo yakatoka mwaka 2017. Ni 5 tu vilivyothibitika kuwa na kile kilichoandikwa kwenye kopo. Marekani, chini ya sheria yao ya mwaka 1994, kirutubisho hakihitaji kuthibitisha kwamba kinatibu kabla ya kuuzwa. Ndiyo maana kopo la huko huwa na maandishi madogo yanayosema bidhaa haikukusudiwa kutibu ugonjwa wowote. Kopo linakanusha, muuzaji anaahidi. Hapa kwetu Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula uko Shirika la Viwango (TBS) na dawa ziko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Bidhaa iliyoingia kama chakula haijapimwa na yeyote kama tiba, hata ikiwa na alama ya ubora.

Ini

Sasa turudi kwenye kuchemsha. Hong Kong mwaka 2004, na Thailand mwaka 2007, madaktari waliripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia unga wa lingzhi. Wa Thailand alifariki. Mgonjwa huyo alikuwa akinywa lingzhi ya kuchemshwa bila tatizo. Ini lilishindwa baada ya kuhamia kwenye unga kwa mwezi mmoja au miwili. Taarifa za mgonjwa mmojammoja hazithibitishi kila kitu, na matukio haya ni machache ukilinganisha na mamilioni wanaoutumia. Hata hivyo zinavunja ile hoja ya kwamba umetumika miaka elfu mbili, kwa hiyo ni salama. Kilichotumika miaka hiyo ni maji ya uyoga uliochemshwa. Unga unaomezwa mzima, au dondoo iliyokolezwa kiwandani, ni kitu kingine.

Kwa wale wa maabara walioko hapa nina jambo dogo. Huko huko Thailand, mwaka 2006, iliripotiwa habari ya mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu aliyekuwa akiharisha. Kwenye choo chake vilionekana vitu vilivyofanana na vimelea vya tumbo. Vilikuwa mbegu za uyoga aliokuwa akila kama unga. Aliambiwa aache unga, na kuharisha kukakoma.

"Mwili unatoa sumu"

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa maana ndipo ninapoona hatari kubwa. Wauzaji wengi hufundishwa kwenye mikutano yao kwamba mtumiaji akianza kuharisha, kuwashwa, kuumwa kichwa au kizunguzungu, ni ishara nzuri: uyoga umekuta ugonjwa, mwili unatoa sumu. Asiache. Pengine aongeze dozi.

Fundisho hili linageuza kila dalili ya madhara kuwa ushahidi wa uponyaji. Mtu akipata nafuu, uyoga umefanya kazi. Akizidiwa, umefanya kazi zaidi. Mgonjwa anayewashwa mwili mzima na mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai kavu huenda ini lake linaumia, na aliyemshika mkono anampongeza. Wahudumu wa jamii, mkisikia kauli hiyo nyumbani kwa mgonjwa, mwangalieni macho kama yana manjano, na mpelekeni kituoni siku hiyohiyo.

Pacha wa fundisho hilo ni kuacha dawa. Mwaka 2011 tuliwaona waliokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mponyaji aliyeitwa Babu, baadhi yao wakaacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kuacha vidonge vya presha hakuna kelele. Siku za kwanza mtu hajisikii tofauti, hata anajiona amepona.

Kaunta

Wa kuulizwa kwa makini zaidi ni wanaotumia warfarini, aspirini au klopidogreli, kwa kuwa uyoga huu unaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda. Wanaosubiri upasuaji, ambao kwa kawaida hushauriwa kuuacha wiki 2 kabla. Wenye ugonjwa wa ini. Wajawazito na wanaonyonyesha. Ongezeni waliopandikizwa figo. Tangu Hospitali ya Muhimbili ianze upandikizaji huo mwaka 2017, watu hawa wanaishi mitaani kwetu, na dawa zao kazi yake ni kutuliza kinga ambayo uyoga unadaiwa kuiamsha.

Namna ya kuuliza ina uzito. Ukisema "Unatumia dawa nyingine?" utajibiwa hapana, kwa uaminifu kabisa. Jaribu hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mbali na hizi za hospitali, kuna chai, kahawa au unga wowote wa afya uliopewa nyumbani?"

"Aa, ni ile kahawa ya uyoga tu aliyoniletea mdogo wangu. Si dawa ile."

"Sawa mama. Na vidonge vya presha bado unameza kila siku?"

Swali la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Na usiicheke kahawa yake. Ukiicheka, safari ijayo hatakwambia, na mdogo wake naye hatapita tena dukani kwako.

Akiwa na dalili zozote, mwambie asimamishe uyoga, si dawa za hospitali, kisha aende kituoni. Jazeni fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara ya dawa kama mnavyofanya kwa dawa nyingine, mkiandika jina la bidhaa, namba ya bechi, tarehe aliyoanza na kiasi alichotumia. Kopo lenyewe alihifadhi na alibebe aendapo kituoni, hata kama limebaki tupu.