Taa Inapocheza, Tazama na Swichi

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, kama yalivyotolewa darasani)

 

Leo tutazungumza juu ya taa. Sisemi kibatari wala taa ya chemli. Hizo tunazijua. Ikipepesa tunatazama utambi, ikitoa moshi tunasafisha chimni. Lakini taa ya umeme ikipepesa tunafanya nini? Wengi wetu tunaitoa, tunaitupa, tunakwenda dukani kununua nyingine. Kesho na hiyo inapepesa.

Mama mmoja wa darasa letu alinunua globu nne kwa miezi mitatu. Amenipa ruhusa nieleze habari yake, ila jina nisilitaje. Kijana wake anafanya kazi mjini. Alikuja likizo akamwekea mama yake taa za LED sebuleni, hizi nyeupe zinazobana umeme. Ukutani akamfungia swichi ya kuzungusha. Ukizungusha huku mwanga unaongezeka, ukirudisha unapungua. Mafundi huiita dima. Kijana akarudi zake mjini.

Tangu siku hiyo sebule ile haikutulia. Mwanga ulikuwa ukitetemeka. Swichi ilikuwa ikilia kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Globu ya kwanza ikafa, ya pili ikafa. Jirani akasema nyumba imechezewa. Na mnajua maneno yakishaanza! Mkamwana ndiye aliyekuwa akifagia sebule ile kila asubuhi, basi macho yote yakamgeukia yeye.

Mama alipokuja kwangu hakuniuliza habari za taa. Aliniuliza, "Mwalimu, hivi mtu anaweza kuroga umeme?"

Nikamjibu, "Mama, kwanza tukaitazame swichi."

GLOBU MPYA, SWICHI YA ZAMANI

Ile globu ya zamani ilikuwa na uzi mwembamba wa chuma ndani yake. Umeme ulipita, uzi ukawa wa moto mpaka ukang'aa. Ilikuwa ni moto tu uliofungiwa ndani ya kioo. Taa ya LED siyo hivyo. Ndani yake mna vipande vidogo sana vinavyotoa mwanga bila kuungua, na chini yake, kwenye kitako, mna mtambo mdogo unaoubadili umeme wa ukutani uwafae vipande vile. Huo mtambo mdogo ndio wenye maneno mengi. Mara nyingi taa ya LED ikifa, vipande vya mwanga bado ni vizima, kilichokufa ni mtambo wa kwenye kitako.

Sasa tuje kwenye dima. Umeme wa gridi hautiririki kama maji ya mto. Unakwenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde moja. Dima inafanya kazi ya kuukata. Katika kila mwendo inaruhusu sehemu na kuzuia sehemu. Ukitaka mwanga mdogo, inazuia sehemu kubwa. Ina maana umeme unakatika na kurudi mara 100 kwa sekunde. Globu ya zamani haikujali. Uzi wake ulikuwa kama figa la jikoni: ukiondoa ukuni, figa halipoi papo hapo. Kabla uzi haujapoa umeme umesharudi. Lakini LED haina moto wa kuhifadhi. Mtambo wake ukishindwa kuziba mapengo yale, jicho linaona taa inapepesa.

Liko na jambo la uzito. Dima nyingi za zamani zilitengenezwa kubeba mzigo mkubwa, wati 40 au 60 na kuendelea. Leo unaifungia taa moja ya LED ya wati 7. Ndugu zangu, mizani ya kupimia magunia ya pamba inaweza kupima kijiko cha chumvi? Haiwezi. Mshale unatikisika tu. Ndivyo na dima inavyofanya.

Wala si kosa la aliyeibuni. Dima ya namna hii, ya kutosha ndani ya ukuta wa nyumba, ilibuniwa na Mmarekani Joel Spira mwaka 1959. LED ya rangi ya bluu yenye mwanga mkali, ambayo ndiyo iliyotuwezesha kupata mwanga mweupe, ilipatikana miaka ya 1990, na wataalamu watatu waliozaliwa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2014. Swichi ile ilitengenezwa wakati taa hizi hazijazaliwa.

Mtasema, basi turudie globu za zamani. Hapana, tupige hesabu kwanza. Globu ya zamani ya wati 60, ukiiwasha saa 5 kila siku kwa siku 30, inakula uniti 9 za LUKU. LED ya wati 9 yenye mwanga unaokaribia ule ule, kwa saa zile zile, inakula uniti 1 na kidogo. Hatuwezi kuiacha.

TUNATAFUTAJE UBAYA?

Usianze kwa kushika kitu. Anza kwa kutazama. Je, ni taa moja inayocheza, au ni zote za nyumba? Je, kwa jirani nako zinacheza? Ikiwa mashine ya kusaga ikiwashwa tu taa za mtaa mzima zinafifia kidogo, hapo nyumba yako haina ubaya. Mashine ikianza inavuta umeme mwingi kwa mara moja.

Lakini ikiwa kwako peke yako taa zote zinapanda na kushuka, hizi zinang'aa kupita kiasi na zile zinafifia, usikae ukiangalia. Huenda waya wa nyutro umelegea. Zima mein swichi, kisha toa taarifa TANESCO. Waya ule ukiachia kabisa, umeme unaweza kupanda ukaunguza redio, friji, na simu iliyo kwenye chaji.

Ikiwa ni taa moja tu, zima mein swichi, acha globu ipoe, itoe ukaiweke chumba kingine chenye swichi ya kawaida. Ikitulia huko, globu ni nzima. Ubaya uko kwenye swichi au nyaya za chumba cha kwanza. Ikiendelea kucheza hata huko, hapo ndipo ununue nyingine. Kipimo hiki hakina gharama, na mama yetu angekifanya mwezi wa kwanza angeokoa globu tatu.

Kwenye dima, izungushe mpaka mwisho wa mwanga. Taa ikitulia pale na kucheza ukiipunguza, basi ni ugomvi wa dima na globu. Ikicheza hata mwangani kabisa, inawezekana nayo ni dima, au ni waya uliolegea. Weka kiganja juu ya swichi bila kuifungua. Dima kuwa na joto kidogo ni kawaida. Ikiwa ya moto, au unasikia harufu ya plastiki inayoungua, hapo si habari ya kupepesa tena. Waya uliolegea hutoa cheche, na cheche huchoma nyumba. Zima mein swichi, mwite fundi.

Sasa kazi ya kisomo. Boksi la globu lina maneno, na maneno yenyewe ni ya Kiingereza. Msiogope. Herufi ni zile zile mlizojifunza. Tafuteni neno hili: DIMMABLE. Lina herufi nane. Maana yake taa hii inakubali dima. Lakini angalieni kilichoandikwa mbele yake! Mkiona NON au NOT, maana yake haikubali. Maboksi mengine hayana neno, yana picha ya swichi ya kuzungusha iliyopigwa mstari au alama ya kosa. Hiyo nayo haikubali. Ikiwa hakuna neno wala picha, hesabu kwamba haikubali. Liandike neno hilo kwenye kikaratasi, nenda nacho dukani, ulinganishe herufi kwa herufi. Muuza duka akikuharakisha, mwache aharakishe. Fedha ni yako.

Mwenye kutaka dima kweli anunue globu inayoikubali, na fundi amfungie dima iliyotengenezwa kwa ajili ya LED. Wako mafundi wanaoacha globu moja ya zamani katikati ya LED ili kuongeza uzito. Dima inatulia kweli, lakini ile moja inakula LUKU kushinda wenzake wote. Na wengine hufunga regulata ya feni mahali pa dima kwa sababu zinafanana sura. Hiyo ni ya feni, ibaki kwenye feni.

TAA INAYOWAKA IKIWA IMEZIMWA

Hapa naomba mnisikilize sana.

Taa nyingine ukiizima haizimiki kabisa. Inabaki na mwanga hafifu, kama wa mwezi nyuma ya wingu. Ikififia na kwisha baada ya muda mfupi, usihofu. Lakini ikibaki hivyo usiku kucha iko sababu. Pengine swichi yako ina kitaa kidogo cha kuionyesha gizani, na umeme wa kitaa hicho unapitia kwenye globu. Pengine nyaya zimekwenda mbali zikiwa zimelala pamoja. Au pengine fundi alikosea akapitisha kwenye swichi waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Hapo ukizima, taa inazimika, lakini umeme umebaki juu kwenye holda unakusubiri.

Mimi nilikuwa nimepanga nyumba yenye taa ya namna hiyo. Watoto waliipenda, wakaiita taa ya kulalia. Nami nikaicheka, sikuuliza. Siku moja ilikufa. Nikaizima ukutani kama watu wote wanavyofanya, nikapanda juu ya stuli, nikaingiza kidole kwenye holda kuondoa kipande kilichobaki. Nilijikuta sakafuni. Mkono wa kulia uliteguka, nikafundisha wiki tatu nikiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Mnaokumbuka mwandiko ule, ndiyo sababu yake. Fundi alipokuja na testa alikuta waya wa moto unakwenda moja kwa moja kwenye taa. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vinne, na vyote vilifungwa hivyo.

Kwa macho huwezi kujua ni sababu ipi kati ya zile. Kwa hiyo taa inayobaki na mwanga uihesabu kuwa ni ya hatari mpaka fundi aipime. Na kubadilisha globu ni kwa kuzima mein swichi. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi. Hata kama mtoto analia, hata kama ni kazi ya dakika moja. Kufungua swichi na kugusa nyaya si kazi yangu wala yako. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na usione haya kumwambia akuonyeshe leseni hiyo. Unajua kusoma.

Kwa yule mama, fundi alizima mein swichi, akafungua dima, akakuta na waya mmoja umelegea na plastiki yake imeanza kuwa nyeusi. Aliikaza, akaondoa dima, akafunga swichi ya kawaida. Globu ya nne ndiyo inayowaka mpaka leo. Jioni ile mama alimwita mkamwana wake mbele ya jirani, akamwambia, "Mwanangu, washa wewe."

Juma lijalo kila mmoja aje na boksi la globu ya nyumbani kwake. Asiye na boksi aje na globu yenyewe, maana wati zimeandikwa kwenye kitako. Tutazisoma pamoja na kupiga hesabu ya uniti za mwezi.