Vumbi la Kazini na Mapafu Yetu

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Tumepewa nafasi leo tuseme juu ya maradhi ya mapafu. Sisi si madaktari. Tulisoma madarasa machache katika shule ya misheni, tukajua kusoma na hesabu, kisha tukaingia kazi ya reli. Lakini tumesoma yaliyoandikwa na madaktari, na pale tusipoelewa tumeuliza. Tumeona si haki kuyaweka mfukoni mwetu peke yetu.

Kilichotufanya tuanze kuuliza ni mzee wetu mmoja. Jina lake tunaliacha kwa heshima ya jamaa zake. Mzee huyo alikuwa fundi wa boila zamani za injini za mvuke. Kazi yake ilikuwa kubandua lile tabaka jeupe lililofunika boila na mabomba ili joto lisipotee, na kubandika jipya. Alistaafu akiwa mzima, akaenda kwao kulima. Miaka mingi ikapita, ndipo pumzi ikaanza kumpungukia. Alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni kifua kikuu. Akanywa dawa miezi sita, asipate nafuu. Maji yakatolewa kifuani, yakajaa tena. Hakuna aliyemwuliza, "Mzee, ulifanya kazi gani?" Naye hakujua kwamba hilo ni neno la kumwambia daktari.

Alipokufa tulichanga gharama ya mazishi. Lakini mjane wake alipouliza habari ya fidia, hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha alishika vumbi gani na kwa miaka mingapi. Hatuwezi kuapa kwamba ni vumbi lililomwua, maana hakupimwa kwa jambo hilo. Na hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Basi ndugu, lile tabaka jeupe mara nyingi lilikuwa asbestosi. Asbestosi ni jiwe linalochimbwa ardhini, lakini ukilisugua linachambuka kuwa nyuzi kama pamba. Haliungui, halipitishi joto, nalo lilikuwa rahisi kwa bei. Kwa hiyo lilitiwa kila mahali: katika boila, katika breki, katika kuta za mabehewa, na katika yale mapaa ya kijivu ambayo bado yako juu ya nyumba nyingi za zamani katika nchi yetu. Jiwe likikaa kimya halimdhuru mtu. Likikatwa, likitobolewa au likivunjika, hutoa nyuzi ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, nazo huingia kwa pumzi mpaka chini kabisa ya mapafu.

Sasa sikilizeni jinsi mwili unavyopigana. Ndani ya mapafu mna chembe za kinga, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu. Ni kama wale wafagiaji wa behewa, kila takataka wanaizoa. Vumbi la kawaida likiingia, chembe hizo hulimeza na kulitoa. Lakini uzi wa asbestosi ni mrefu kuliko chembe yenyewe. Chembe hujaribu kuumeza, ikashindwa, ikapasuka, ikamwaga sumu iliyokuwa imeiandaa kwa ajili ya adui. Sumu hiyo huunguza nyama ya mapafu. Chembe nyingine hufika kusaidia, nayo hushindwa vivyo hivyo. Uzi hauozi wala hauyeyuki. Vita hivyo huendelea miaka 20, miaka 30, hata 40 na zaidi. Mahali penye vita mapafu hufanya kovu na kuwa magumu. Ugonjwa huo huitwa asbestosisi. Au maagizo yaliyomo ndani ya chembe za mwili huharibika, chembe zikaanza kuzaana bila mpango. Hiyo ndiyo saratani.

Huenda mtu akasema, "Wakubwa hawakujua." Ndugu, mwaka 1930 Daktari Merewether na mwenzake Price waliandika ripoti kwa serikali ya Uingereza. Katika wafanyakazi 363 wa asbestosi waliopimwa, 95 walikuwa na kovu la mapafu. Mwaka 1931 sheria ikatungwa huko. Lakini ilihusu viwanda fulani tu, na mafundi wengi walioshika asbestosi mahali pengine waliachwa nje. Hata wenzetu wa reli ya Uingereza hawakupona. Katika karakana ya York mabehewa yalinyunyiziwa asbestosi ya bluu ukutani, na mafundi wake wakafa miaka mingi baadaye kwa saratani ya utando unaofunika mapafu. Madaktari huiita mesotelioma.

Saratani hiyo iligunduliwaje kuwa ni mtoto wa asbestosi? Twende Afrika Kusini, katika hospitali ya kifua kikuu mjini Kimberley. Daktari Sleggs aliona jambo la ajabu. Wagonjwa wenye maji kifuani waliotoka upande mmoja walipona kwa dawa za kifua kikuu. Waliotoka magharibi, kwenye vilima vya migodi ya asbestosi ya bluu, hawakupona. Mnasikia, ndugu? Ni kama habari ya mzee wetu. Daktari Wagner, ambaye kazi yake ilikuwa kupasua maiti na kutafuta sababu ya kifo, alishirikiana naye. Wakauliza kila mgonjwa na jamaa zake: ulizaliwa wapi, uliishi wapi, ulifanya kazi gani? Mwaka 1960 waliandika habari za wagonjwa 33 wa saratani hiyo. Katika hao, 32 walikuwa wamekaa karibu na asbestosi au kuishika kazini. Wengine hawakuwa wachimbaji hata kidogo. Walikulia tu karibu na migodi walipokuwa watoto. Swali lililofungua mlango ni lile lile ambalo mzee wetu hakuulizwa.

Sasa tufike mahali panapokihusu chama hasa. Huko Marekani alikuwako Daktari Irving Selikoff. Alitaka kujua ni mafundi wangapi wa kufunika mabomba wanaouawa na vumbi hili. Mafundi hao walikuwa wakihama kazi hii hadi ile, leo kwa tajiri huyu, kesho kwa yule. Daftari ya tajiri mmoja isingemwambia mengi. Basi aliiendea daftari ya chama cha wafanyakazi, New York na New Jersey. Chama kilikuwa kimeandika kila mwanachama, siku aliyoingia na siku aliyokufa. Selikoff na wenzake walichukua majina 632 yaliyokuwa katika daftari mwisho wa mwaka 1942, wakayafuata moja moja mpaka mwisho wa 1962. Kwa hesabu ya watu wa kawaida, wasiofika 7 wangekufa kwa saratani ya mapafu na utando wake. Waliokufa walikuwa 45. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1964, na tangu hapo ilikuwa vigumu sana kwa mwenye kiwanda kusimama na kusema vumbi hili halina neno.

Ndugu, walioleta ushahidi huo hawakuwa na mashine kubwa. Ilikuwa daftari ya karani wa chama, iliyoandikwa vizuri na kutunzwa. Wale waliolipa ada zao na kuandikwa majina yao walitoa ushahidi hata baada ya kufa.

Daftari hizo zilionyesha na jambo la pili, nalo ni la sigara. Mwaka 1968 Selikoff na Hammond waliandika habari za mafundi 370. Kati yao 87 hawakuwa wavuta sigara, na katika miaka minne na kitu waliyofuatwa hakuna hata mmoja aliyekufa kwa saratani ya mapafu. Wavuta sigara walikuwa 283, na 24 walikufa kwa saratani hiyo. Hesabu kubwa zaidi ya mwaka 1979 ilionyesha kwamba asbestosi peke yake huongeza hatari mara 5 hivi, sigara peke yake mara 11 hivi, na vyote viwili pamoja zaidi ya mara 50. Tusimpe tajiri nafasi ya kusema ni sigara yako iliyokuua. Lakini nasi tusijidanganye: aliyeshika vumbi kisha akavuta sigara amewasha moto pande zote mbili za nyumba. Kwa ile mesotelioma, sigara haina sehemu. Vumbi lenyewe latosha.

Je, kuna dawa? Hapa tuna habari njema, ingawa si ya kushangilia sana. Sisi watu wa reli twajua maana ya breki. Basi hata kinga ya mwili ina breki, ili isije ikala mwili wenyewe. Saratani ni mwizi mwenye akili: huikanyaga breki hiyo, na askari wa mwili wakasimama wakitazama. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waligundua namna ya kuifungua breki hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa za namna hiyo zilijaribiwa kwa wagonjwa 605 wa mesotelioma. Waliopewa dawa za zamani, nusu yao waliishi miezi 14 hivi au zaidi. Waliopewa dawa mpya, miezi 18 hivi. Marekani ilizikubali mwaka 2020. Na kama mjuavyo, treni isiyo na breki ni hatari. Dawa hizi zaweza kuifanya kinga ishambulie matumbo au mapafu mazima. Nazo ni za bei kubwa kuliko mshahara wetu wa miaka. Twawashukuru mabingwa hao. Lakini miezi minne ni michache kwa mtu mwenye watoto. Dawa iliyo bora ni vumbi lisiingie.

Basi yafaa tufanye nini?

Kwanza, kila mmoja anunue daftari ya shule. Aandike mahali alipofanya kazi, mwaka, kazi gani, vumbi gani, na wenzake walikuwa nani. Ukienda kwa daktari kwa habari ya kifua, sema kazi yako hata kama hukuulizwa. Kikohozi kikizidi wiki mbili upimwe kifua kikuu, maana hicho ndicho kilicho kingi kwetu na chapona. Lakini dawa isipofaa, rudi, ukaonyeshe daftari yako.

Pili, ukiambiwa uvunje paa la kijivu au ubandue mabomba ya zamani, uliza kwanza ni kitu gani. Usikate kwa msumeno, usitoboe, usifagie likiwa kavu. Kitambaa puani hakizuii nyuzi hizi. Mwite msimamizi wa chama, na kazi ingoje wenye vifaa na ruhusa. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2006 ziliihesabu asbestosi kuwa taka ya hatari.

Tatu, nguo za kazi zisipelekwe nyumbani na vumbi lake. London, mwaka 1965, madaktari walichunguza wagonjwa 76 wa mesotelioma, na miongoni mwao walikuwamo wanawake ambao kosa lao lilikuwa kufua nguo za jamaa zao. Mama watoto hakuajiriwa na reli. Asilipe deni la reli.

Nne, twaomba tawi hili lifungue daftari yake, wazee waliostaafu waandikwe kwanza, wangali hai na kumbukumbu wanayo. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yahesabu maradhi yaletwayo na kazi pamoja na majeraha. Lakini sheria huuliza ushahidi, na ushahidi wa mambo ya miaka 30 hauwezi kutafutwa siku ya mazishi.

Bwana Mwenyekiti, wiki iliyopita tulimtembelea yule mjane. Alitutolea kofia ya kazi ya marehemu na kadi yake ya chama, ada imelipwa mpaka mwezi wa mwisho wa kazi. Upande wa nyuma wa kadi ile mna nafasi tupu, yatosha mistari sita au saba. Laiti tungaliandika hapo kazi yake. Tusiwaachie wajane wetu kadi tupu kama ile.