Somo la Kumi na Mbili: Moyo Usiofungwa na Mali



Ndugu wapenzi, wakristu na wakatekumeni mnaotusikiliza huko vijijini, juma lililopita tulisema juu ya imani. Leo twafika kwenye fadhila ya pili ya kimungu, ndiyo matumaini. Katekismu yatufundisha kwamba kwa matumaini twangojea kwa Mungu uzima wa milele, pamoja na neema za kutufikisha huko. Maneno hayo ni machache, na mtoto anayejitayarisha kwa Komunyo ya kwanza huyajibu bila kusita. Lakini ugumu wake hauko katika kujibu. Mtu ambaye mikono yake miwili imejaa hawezi kupokea kitu kingine, hata kama kitu hicho ni bora kuliko vyote alivyovishika. Kwa hiyo somo letu la leo lahusu mikono yetu na yale iliyoyakamata.

Wengi wenu mwaujua mji wa Goma, kando ya ziwa Kivu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalishuka hadi katikati ya mji, yakapita madukani na majumbani, yakaingia ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yozefu nalo halikusalimika. Watu walikimbia kwa maelfu, wengine upande wa Sake, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, na kila mmoja alishika alichoweza. Katika safari ya namna hiyo mtu hupima upesi sana. Cherehani ni nzito, godoro lasumbua, na mtoto amechoka kutembea. Hakuna mama aliyehitaji padri wa kumhubiria ni kipi kitupwe njiani.

Siku nne baadaye, tarehe 21, jambo la kuhuzunisha likatokea. Watu waliingia katika kituo kimoja cha mafuta kilichozungukwa na mawe yaliyokuwa bado na moto, wakawa wanachota petroli. Mafuta yakalipuka, na makumi ya watu wakafa papo hapo. Nawasihi, ndugu, tusiwahukumu marehemu hawa. Wengi walikuwa wamepoteza yote kwa usiku mmoja, nao wazee walisema kwamba mwenye njaa hana mwiko. Nimelitaja jambo hili ili mwone ukweli mmoja ambao mara nyingi twausahau mimbarani: mlima waweza kumpokonya mtu mali yake, lakini kupokonywa si sawa na kuwa huru. Mtu aweza kupoteza nyumba, na moyo wake ukabaki umekaa ndani ya nyumba ile ile chini ya mawe, ukiwaonea wivu jirani ambao nyumba zao zimepona. Mwingine aweza kuwa na nyumba ya mabati, ng'ombe sita na baiskeli mpya, na moyo wake usifungwe na hata kimoja. Ufukara peke yake haumfanyi mtu kuwa mtakatifu. Nimewajua maskini wenye choyo kali. Nami nimewajua matajiri ambao mlango wao haukufungwa kamwe, ingawa, lazima nikiri, hao hawakuwa wengi.

Tena vitu vyenyewe si vibaya. Mungu ndiye aliyeviumba, naye alipovitazama aliona kuwa ni vyema. Jembe ni jema, mbuzi ni mwema, na feza ya kumlipia mtoto shule ni njema. Mtakatifu Paulo alipomwandikia Timoteo, alilaumu kupenda feza, wala hakuilaumu feza yenyewe. Baba wa jamaa aachaye shamba lake liote majani, akisema kwamba yeye anangojea mbingu, hana matumaini, ana uvivu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba kuingojea dunia mpya kusipunguze bidii yetu ya kuitunza hii tuliyopewa.

Sasa nataka kulijibu neno moja ambalo wazee huniambia, si mbele ya altare, bali jioni, tukiisha kula. Husema: "Padri, mahubiri haya tuliyasikia tangu zamani. Tuliambiwa tusitamani mali ya dunia, na siku zile zile shaba ya Katanga ilikuwa ikipakiwa kwenda ng'ambo. Sisi tulipewa mbingu, wenzetu wakachukua dunia."

Siwezi kuwajibu kwa hasira, kwa sababu neno lao lina ukweli ndani yake. Aliyemhubiria maskini aridhike, ili yeye mwenyewe ale kwa raha, aliiharibu Evanjili, awe mweupe au mweusi, awe wa zamani au wa leo. Lakini fungueni Evanjili yenyewe mtazame Yezu aliwaambia nani maneno hayo. Mtu aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge nyingine kubwa zaidi, naye akafa usiku ule ule, alikuwa tajiri. Hadithi yake iko katika Luka, sura ya kumi na mbili. Kijana aliyeondoka kwa Yezu akiwa na huzuni, alikuwa tajiri. Zakayo, aliyeshuka mtini akarudisha mara nne alichowanyang'anya watu, alikuwa mtoza ushuru, na tajiri. Amri ya kuufungua mkono humwangukia kwanza yule ambaye mkono wake umeshika kitu cha wengine. Na ninyi mtaniuliza: yuko wapi mtu wa namna hiyo katika nchi yetu? Yuko, na alitoka Goma ile ile.

Jina lake ni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma hadi chuo kikuu, akajifunza sheria. Alikuwa mmoja wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na pamoja na wenzake aliwatunza watoto wa barabarani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo. Aliwafundisha, akawa rafiki yao, hali wapita njia wengi walishika tu mifuko yao wanapowaona. Mwaka 2007 alikuwa na kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Wajibu wake ulikuwa kuvitazama vyakula vinavyoingia nchini, na kuvizuia vile vilivyoharibika.

Mwajua wenyewe mambo ya mpakani. Ukaletwa mchele ulioharibika. Wenye mzigo walitaka upite, wakamletea feza. Feza ilipokataliwa, vikaja vitisho. Yeye hakuuacha mchele ule upite. Alimsimulia mtawa mmoja aliye mganga habari hizo, akamweleza mawazo yake: feza ile ingekwisha upesi, lakini wale watakaokula chakula kile watapatwa na nini? Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Akauawa, na mwili wake ulipoonekana tarehe 9 ulikuwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alipokutana na vijana mjini Kinshasa, aliwatajia jina lake, akawahimiza wakatae rushwa. Na tarehe 15 Juni 2025 Eklezya ikamtangaza kuwa mwenye heri, katika basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma.

Angalieni vema, ndugu. Mtu huyu hakuwa padri wala mmonaki. Hakukimbilia porini kukaa peke yake. Aliketi kazini kati ya magunia na karatasi, akipokea mshahara wake kama wengine. Laiti angalikuwa amefungwa na mali, kalamu ingetembea yenyewe, mchele ungepita, na jumapili angeweza kutoa sadaka nono kuliko sisi sote. Nani angejua? Labda mtoto mmoja angeumwa tumbo huko Masisi au Rutshuru, na mama yake angefikiri ni maji ya kisima. Basi moyo usiofungwa na mali haununuliki, na kwa sababu haununuliki, maskini asiyejulikana hula chakula kisicho na sumu. Mzee wangu uliyeniuliza juu ya shaba, hili ndilo jibu langu. Kuiacha mali kwa ajili ya Mungu hakumfungulii mwizi njia, ndiko kunakoifunga. Mwizi hufanikiwa pale tu penye mtu wa kununuliwa.

Naye alipata wapi nguvu hizo? Si katika kuidharau dunia. Kijana wa miaka 26 hapendi kufa. Aliamini kwamba uzima aliopewa katika Ubatizo hauishi kaburini, na kwamba Yezu Kristu atasimama upande wa mtu aliyesimama upande wa wadogo. Yeye aliyeyatia hayo moyoni aweza kupoteza kazi, na hata uhai, bila kupotea mwenyewe. Aliyeyaweka matumaini yake yote katika mshahara, yuko mikononi mwa kila mtu awezaye kumwongezea au kumpunguzia.

Lakini twende sasa nyumbani kwetu, maana wengi wetu hatutaketi kamwe katika ofisi ya mpakani, na ni rahisi kumsifu mfiadini wa mji mwingine.

Mzee wa nyumba amekufa. Tumemzika, tumeimba nyimbo za mbinguni, katekista amesema vizuri juu ya ufufuko. Matanga hayajaondolewa, na ndugu wa marehemu wamekwisha kuhesabu mabati. Mmoja achukua baiskeli. Mwingine afungua kamba ya mbuzi. Wa tatu, ambaye asubuhi alilia kuliko wote, atoka mlangoni na sufuria mbili kubwa, zile ambazo mjane alizinunua kwa mihogo aliyoilima mwenyewe. Mjane aketi juu ya mkeka, atazama, hasemi kitu. Watoto wamtazama yeye. Wakiulizwa, ndugu hao hujibu: ni desturi. Sheria ya jamaa katika nchi yetu, ya mwaka 1987, yampa mjane haki zake, lakini nani ataisoma siku ile? Na wote hao, jumapili, watapanga mstari kupokea Komunyo.

Ndugu, nasema hili kwa uchungu. Sijui dhambi nyingine inayoyakana matumaini waziwazi kama hii. Kaburini twasema ya kwamba marehemu ameenda asikohitaji mabati, na kabla udongo haujakauka twagombana kwa sababu ya mabati hayo hayo. Mpagani anayetutazama atasadiki lipi, wimbo wetu au mikono yetu? Marehemu mwenyewe amekwisha kutufundisha somo lote la leo bila kusema neno: tulimfunga sanda, na sanda haina mfuko.

Msidhani nawasemea kutoka mahali pa juu. Mimi niliye padri nilikuwa na saa nzuri niliyopewa siku ya upadirisho wangu. Mwaka mmoja mwalimu wetu wa shule aliniomba aitumie siku za mitihani, nikampa. Juma zima sikuweza kusali vema. Nilisikia saa ile ikigonga masikioni mwangu hata wakati wa Misa. Aliporudisha, nilitazama kwanza kioo kama kimekwaruzwa, ndipo nikamsalimu. Basi nikajua kwamba si mimi niliyeishika saa, bali saa ilikuwa imenishika mimi. Nilipotambua hilo, nilimrudishia mwalimu iwe yake. Siwaambii ili mnisifu, kwa maana nilichelewa miezi mitatu.

Hapo ndipo mtu aweza kujipima. Usiulize una vitu vingapi. Uliza ni kipi ambacho, kikiombwa na mwenye shida, moyo wako wapiga mbio. Labda ni shamba la mpakani mwako na jirani, ambalo mmeshitakiana miaka mitano kwa sababu ya hatua nne za udongo. Labda si mali kabisa, ni jina lako na kiti chako cha mbele kanisani. Kifungue hicho kwanza.

Nanyi wakulima mwajua zaidi yangu jinsi mkono unavyofunguliwa. Mwezi wa kupanda unapofika, maharagi ya mwisho yamo kikapuni, na watoto wana njaa. Mama aweza kuyapika jioni hiyo yote. Hayapiki. Achagua yaliyo mazuri kuliko yote, ayachukua shambani, ayaangusha ardhini ambamo hatayaona tena kwa siku nyingi. Mtu asiyejua kilimo angesema mama huyu anatupa chakula. Naye hachukii maharagi, wala hayaonei haya. Afanya hivyo kwa sababu ana uhakika wa mvua na wa udongo. Matumaini ya mkristu ni ya namna hiyo, ila udongo wetu ni mkono wa Mungu.

Katekista, zima redio baada ya salamu, mbaki mmeketi. Usomee watu Luka, sura ya kumi na mbili, toka mstari wa kumi na tatu, pale ambapo ndugu wawili wanagombania urithi. Kisha waulize jambo moja: je, katika kijiji chetu yuko mjane ambaye sufuria zake zinapikiwa nyumbani mwetu? Kama yuko, zirudishwe kesho asubuhi, wala msingojee somo la juma lijalo, ambalo litakuwa juu ya mapendo.

Tumsifu Yezu Kristu.