Gavana Aliyeota Mkia

Msikilizaji, Wamarekani wakianza kugombania mipaka ya uchaguzi, hulitoa kabatini neno moja la Kiingereza: "gerrymander". Ni kuchora mipaka kwa hila ili chama kivune viti kuliko stahili ya kura zake. Mbinu ni mbili: ama wapinzani wanarundikwa eneo moja, washinde hapo kwa kura nyingi zisizo na faida, ama wanatawanywa kidogo kidogo, wasishinde popote.

Neno hilo lina mwenyewe. Elbridge Gerry alikuwa miongoni mwa waliotia saini Tangazo la Uhuru la 1776. Februari 1812, akiwa gavana wa Massachusetts, aliidhinisha sheria ya kupanga upya maeneo ya uchaguzi wa seneti ya jimbo hilo, kwa manufaa ya chama chake cha Democratic-Republican. Eneo moja la kaunti ya Essex likatoka jembamba, limejipinda na kuikumbatia kaunti kwa pembeni.

Wapinzani wao, Federalist, hawakuhitaji hotuba. Machi 26, gazeti la Boston Gazette lilichapisha ramani ya eneo lile, mchoraji akiwa ameipachika mabawa, kucha na kichwa cha joka. Jina la gavana likaungwa na la salamanda, jamaa wa chura mwenye umbo la mjusi. Kejeli ikawa msamiati.

Hila ilizaa matunda, tena upesi. Kwenye uchaguzi wa mwaka huohuo Federalist walipata kura 51,766 na viti 11. Wenzao, kwa kura 50,164, wakazoa viti 29!

Gerry mwenyewe aliambulia patupu. Ugavana hupigiwa kura na jimbo zima, hakuna mpaka wa kuchezea, na mpinzani wake, Caleb Strong, akamwangusha. Baadaye Gerry akawa makamu wa Rais James Madison, akafa madarakani mwaka 1814. Inasemekana hata hakuipenda sheria ile. Lakini saini ni saini, na waliochora mipaka nani anawakumbuka? Jina lenyewe halikusalimika: yeye alilitamka kwa "g" ya gari, leo wengi hulitamka kwa "j" ya jembe.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji watano kwa wanne, kwamba mahakama za shirikisho hazina mamlaka ya kuamua kesi za mipaka iliyochorwa kukipendelea chama. Na wachoraji wa sasa wana kompyuta.