Mwezi na Ndagala



Mtu wa Buyenzi aendaye sokoni katikati ya mwezi wa Kiislamu huona ndagala wamepungua na bei imepanda. Humkasirikia mwuzaji, hulipa, huenda zake. Laiti angalisimama kidogo, angaliiona ajabu iliyo mbele yake.

Usiku ndagala hupanda kutoka vilindini wakifuata vidudu wanavyovila karibu na uso wa maji. Mvuvi huwasha taa. Samaki huijia nuru, naye huwainua kwa wavu. Lakini mwezi ung'aapo, tarehe 13 hata 15, ziwa zima huwa na nuru na taa haivuti tena. Basi wavuvi wengi hupumzika. Hivyo mwezi ule ule uwapao watu saumu ya siku nyeupe ndio upunguzao kitoweo chunguni.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi; duniani ni Baikal la Urusi tu lenye kina zaidi yake. Ndagala ni jamaa za samaki wa baharini, na asili yao ni ziwa hili peke yake.

Leo maji yake yanazidi kupata joto, na taka za mji humwagwa humo. Asiyekitazama kitu hakitunzi.

Kutafakari hakutaki safari ya mbali. Sahani ya ndagala na mwezi juu ya paa vyamtosha aachaye haraka.